Anayewasikiliza Wengine Naye Asikilizwe

Nawaomba leo tumfikirie afisa ustawi wa jamii, mtumishi ambaye wengi wetu humkumbuka siku ya shida tu. Hapa wilayani Kongwa, kuanzia Mlali hadi Zoissa, huyo ndiye anayeitwa mtoto anapotelekezwa, mama anapodai matunzo, binti anapokaribia kuozwa angali mdogo, au mzee anapolazwa hospitali bila ndugu wala senti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemtwika mzigo mzito wa kuchunguza, kuandikia Mahakama ya Watoto taarifa na kumtafutia mtoto mahali salama. Asubuhi atamsikiliza mtoto aliyenajisiwa, mchana atasuluhisha wanandoa, na usiku polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto watampigia simu. Je, yeye humsimulia nani?

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyejitolea katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika habari za wahudumu walioingia kazini kwa moyo mkunjufu, kisha wakaishiwa nguvu kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likautambua uchovu huo kuwa tatizo litokanalo na kazi, nalo likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi, na kupungua kwa ufanisi. Mimi naiogopa zaidi ile ya pili. Mtoto aliyekusanya ujasiri wa miezi akaja kusema alilotendwa, akikuta uso mkavu na kalamu inayokimbilia ukurasa mwingine, huenda asiseme tena kwa mtu yeyote.

Kongwa tunalo somo letu wenyewe katika jambo hili. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewapofusha wazee wengi wa nyanda hizi kavu. Si ambukizo moja lililowapofusha. Jicho liliambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, makovu yakajengeka ndani ya kope, hata kope zikapinda na kulikwaruza jicho. Utafiti uliofanyika katika vijiji vyetu, ukachapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, ulionyesha kuwa pamoja na dawa, kuwanawisha watoto uso kulipunguza ugonjwa ule mkali. Moyo wa afisa ustawi nao huumia hivyo hivyo, shauri kwa shauri, na kinga yake ni matunzo madogo yasiyokatizwa.

Matunzo hayo yaanze na usimamizi wa kitaaluma. Sisemi mkuu aje kuhesabu majalada. Nasema afisa akae na mwenzake mzoefu, mlango umefungwa, wapitie shauri lililomlemea: alifanya nini, lilimgusa wapi, afanye nini kesho. Siri ya mteja haivunjwi kwa hilo, maana majina si lazima yatajwe. Wataalamu wa afya ya akili nao hawako mbali, kwani Hospitali ya Mirembe iko hapo hapo Dodoma. Waalikwe waje wilayani.

Yafuate mafunzo kazini. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, imewafunza wengi wa watumishi hawa, lakini cheti cha zamani hakimfundishi mtu namna ya kumwokoa binti anayetishwa kwa picha zake kwenye simu. Anayetumwa vitani bila silaha mpya hukata tamaa upesi, naye huanza kujilaumu kwa makosa yasiyo yake.

Wapo wasemao kazi hii ni wito, na mwenye wito halalamiki. Nawaheshimu, ila nawapinga. Padri ana mafungo yake na daktari ana zamu inayokwisha. Kwa nini huyu pekee adaiwe moyo usiochoka? Nanyi maafisa, msione haya kusema mmelemewa. Anayenyamaza hadi aanze kuwafokea wateja hajamsaidia mtu.

Wengine watasema hakuna fedha. Kwa usimamizi huo, chumba na saa mbili kwa mwezi si gharama ya kuishinda halmashauri. Mafunzo ndiyo yanayohitaji fungu, kwa hiyo namalizia na ninyi waheshimiwa madiwani: bajeti ya mwaka mpya wa fedha ikiletwa barazani, tafuteni kifungu cha mafunzo ya maafisa ustawi. Kisipokuwepo, ulizeni sababu. Kikiwepo, ulizeni kama fedha za mwaka uliopita zilitoka, na ni nani aliyekwenda kusoma.