Pasi ya Kutembea Mombasa: Ununue, au Ulipe Kila Mlango?

Shule zikikaribia kufungwa, mtu wa Kongowea hupata jumbe za aina mbili kwenye simu. Ya kwanza ni ya kaka yake aliye bara: "Tunakuja, tuko watano." Ya pili ni tangazo linalozunguka kwenye WhatsApp: pasi moja, sehemu sita, siku mbili, lipa leo uokoe pesa. Na kwa kuwa wewe ndiye mwenyeji, utaulizwa, "Hii pasi ni sawa? Tuilipie?"

Jibu langu ni kwamba kwa Mkenya anayetembelewa na Wakenya wenzake, pasi za namna hii mara nyingi hazilipi. Kwa mgeni wa ng'ambo, huenda zikalipa. Na niseme mapema, naandika kwa kampuni inayoishi kwa miamala. Ukilipa milango mitano badala ya kununua pasi moja, sisi hatulii. Kwa hiyo usichukue neno langu, chukua hesabu.

Hesabu yenyewe unaijua tayari kama unanunua vitu hapo sokoni. Ukichukua kreti nzima ya nyanya Kongowea, nyanya moja yakutokea bei rahisi kuliko kwa mama mboga wa mtaani. Mwenye mkahawa atabeba kreti, atapika, zitaisha. Wewe mwenye sufuria moja na friji ya kubahatisha zitakuozea jikoni, na ile bei nafuu itakuwa hasara. Pasi ni kreti. Bei ya kila sehemu ni rahisi ikiwa tu utazimaliza zote.

Pasi hizi zilianza kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Kule Marekani CityPASS ilianza mwaka 1997, na London nao wana London Pass yao. Zinamlenga mtu aliyepanda ndege saa nyingi, ana siku tatu, na pengine hatarudi tena maishani. Huyo ana haraka, na pasi inauza haraka. Na hata huko, mtu mwenye akili husoma orodha kwanza, kwa sababu London makumbusho makubwa kama British Museum hayatozi kiingilio kwenye maonyesho yake ya kudumu. Urefu wa orodha haukwambii chochote kuhusu thamani yake.

Sasa rudi Mombasa, ushike kalamu. Chukua tangazo ulilotumiwa, ukate kila sehemu ambayo ungeingia bure. Kutembea Mji wa Kale, kata, vichochoro havina mlango. Mama Ngina, upepo na mihogo ya kukaanga, kata (mihogo utanunua, lakini hiyo haimo kwenye pasi). Kuvuka feri ya Likoni kwa miguu ni bure, na mtoto wa bara ataifurahia kuliko mengi uliyolipia. Kifurushi kimoja nilichosoma juzi kilihesabu "matembezi ya Mama Ngina" kuwa sehemu moja kati ya sita. Yaani unauziwa upepo!

Halafu kuna vilivyo karibu nawe ambavyo sijaviona kwenye kifurushi hata kimoja. Ile kengele ya Kengeleni, ambayo matatu huipita kila siku makanga akiita tu jina la steji, ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Ni mwendo wa miguu kutoka sokoni. Watoto wakisimuliwa kisa chake, hilo ni somo la historia bila kiingilio.

Vinavyobaki baada ya kukata ndivyo vya kulipiwa. Tuseme pasi inauzwa 1,200 kwa mtu mzima na 800 kwa mtoto. Kaka, mkewe na watoto watatu, jumla 4,800. Baada ya kukata, vimebaki vitu vitatu: Fort Jesus, Haller Park na boti.

Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011, kwa miaka imekuwa ikimtoza raia mtu mzima shilingi 200 na mtoto 100. (Angalia bei ya siku hiyo kabla hujatoka nyumbani, bei za serikali hupanda bila kubisha hodi.) Familia yetu ya watu watano hapo ni shilingi 700. Kwa hiyo, ili pasi ile ilipe, bustani na boti lazima zifikishe 4,100 zilizobaki. Piga simu mbili uulize bei za raia. Zikifika, nunua pasi kwa amani. Zisipofika, tofauti hiyo ni chakula cha mchana cha watu wote hao, tena na soda juu.

Na wewe mwenyeji je? Pasi imelipiwa watu watano, wewe wa sita. Utawasubiri nje ya geti ukihesabu matatu?

Mahali watu wanapoumia zaidi ni kwenye muda. Kutoka Kongowea, Fort Jesus iko ng'ambo ya Daraja la Nyali, kisiwani. Haller Park iko upande mwingine, Bamburi, kwenye barabara ya kwenda Mtwapa. Pasi ya siku mbili itakufanya ukimbizane na foleni ya darajani ukiwa na watoto wenye njaa. Fort Jesus jua la saa saba si mchezo. Haller Park nako si mahali pa kupitia mbio mbio. Pale palikuwa machimbo ya saruji, jangwa la mawe, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, mivinje mingi. Ndipo pia alipopelekwa Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa pwani karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee kuwa rafiki yake. Watoto watataka kulisha twiga, na twiga hulishwa kwa saa maalum. Ukifika saa imepita kwa sababu ulikuwa unawahi sehemu ya tatu ya pasi, umelipa na hukula.

Mgeni wa ng'ambo hana la kufanya, ndege yamsubiri. Lakini ndugu zako wako kwako wiki mbili. Leo Fort Jesus na Mji wa Kale asubuhi na mapema, Jumamosi ijayo Bamburi, mvua ikinyesha mnakaa nyumbani mnakula mahamri. Kulipa mlango kwa mlango hukupa ruhusa ya kubadilisha mawazo, na ruhusa hiyo tangazo halikupigii hesabu.

Boti nayo ina mtego wake. Ukienda kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, kuna pesa ya mwenye boti na kuna kiingilio cha hifadhi chenyewe, kinacholipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Pasi ikiandika "boti" tu, uliza kama kiingilio kimo. Uliza pia nani kati ya wale watano anaogopa maji, maana daima yupo mmoja.

Sasa niwe mwadilifu. Kama anayekuja ni shangazi aliyehamia Uingereza na sasa ana pasipoti ya huko, hesabu inageuka. Fort Jesus mgeni wa nje amekuwa akitozwa 1,200, mara sita ya raia, na sehemu nyingine nyingi zina bei mbili hivyo hivyo. Kwake pasi inaweza kumlipa kwa mlango mmoja au miwili tu, hasa ikiwa imejumuisha gari la kumchukua na kumrudisha. Kwa hiyo usipige hesabu ya familia nzima kwa bei moja. Mpigie shangazi yake, mpigie kaka yake, na raia wabebe vitambulisho ili wasitozwe bei isiyo yao.

Kuna na "pasi" nyingine ambayo haitangazwi WhatsApp, nami naiona ndiyo ya mwenyeji: uanachama wa Kenya Museum Society, chama kilichoanza mwaka 1971 kusaidia Makumbusho ya Taifa. Mwanachama huingia bure kwenye makumbusho hayo, na kwa mtu wa Pwani hiyo ni Fort Jesus, Jumba la Mtwana, Mnarani kule Kilifi, Gedi, hadi Lamu. Gawanya ada ya mwaka kwa kiingilio cha mlango mmoja, upate idadi ya safari. Mwalimu wa historia atazifikisha. Mtu anayekwenda Fort Jesus mara moja, wageni wakija, hatazifikisha.

Ukishaamua, lipa kwa njia inayoacha alama. Makumbusho ya Taifa na KWS hulipwa kupitia eCitizen, Lipa Bili namba 222222, na ukikuta mfumo unaongeza ada kwa kila muamala, lipia tiketi za watu wote mara moja badala ya kila mtu na simu yake. Kwa pasi ya wakala, omba namba ya tili au ya Lipa Bili yenye jina la biashara ile ile iliyo kwenye tangazo. Akikwambia "tuma tu kwa hii namba yangu, tili iko na shida", simama hapo. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Pesa ikishaingia kwa mtu binafsi akaitoa, ombi la kurudishiwa litamkuta ana salio sufuri.

Na kabla hujatuma chochote, mwandikie muuzaji swali moja: "Nipe bei ya raia ya kila mlango uliomo." Anayeuza kitu cha kweli atakujibu kwa dakika tano.