«Nilikuwa mgonjwa» ni jibu linalotosha

Katika vijiji vya Masisi na Walikale, mtu hakosekani bila kuonekana. Akikosa salongo, jina lake linaandikwa. Akikosa likelemba, wenzake wanaanza kuhesabu pesa. Akikosa kilio cha jirani, hilo halisahauliwi upesi. Na tangu mwanzo wa 2025, M23 walipoingia Masisi-centre mwezi wa Januari, kisha Walikale-centre mwezi wa Machi, kuna swali jingine baya zaidi: mtu huyo alikuwa kwa nani?

Wengine hawakuwa kwa mtu yeyote. Walikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, usingizi umepotea, hata maji ya kunawa yanaonekana kuwa kazi kubwa. Hali hiyo ikipita wiki mbili, waganga wanaiita depresio, na ni ugonjwa kama vile malaria ilivyo ugonjwa. Kijijini inapewa majina mengine: uvivu, kiburi, kurogwa, wazimu.

Ndiyo maana mgonjwa akipata nafuu anatafuta la kusema, na wengi wanasema walisafiri. Kwingine uongo huo ungepita. Hapa ni hatari, kwa sababu safari ina barabara, barabara ina vizuizi, na kila kizuizi kina wenye silaha wake. Mtu aliyetaka tu kuficha huzuni anajikuta akieleza alipita upande gani.

«Nilikuwa mgonjwa, sasa naendelea vizuri, asanteni kwa kuniulizia.» Maneno hayo ni ya kweli na hayafungui mlango. Akiulizwa ni ugonjwa gani, ajibu kwamba hayo ni kati yake na muganga. Afadhali pia dada au shangazi mmoja anayeaminika apeleke mchango wa likelemba mapema, kwani mara nyingi ni deni linaloleta watu mlangoni. Huyo mmoja aambiwe kweli yote, hasa kama mgonjwa anafikiria kujiua. Siri hiyo haibebwi na mtu peke yake.

Lakini mzigo si wa mgonjwa tu. Viongozi wa makanisa, wa kwaya na wa vikundi vya akina mama waache kudai maelezo mbele ya mkutano. Walikale inajua sababu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya barabara ya Kibua–Mpofi, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Mama wa vijiji hivyo akikosa ibada leo, kumuuliza hadharani «una nini?» ni kumlazimisha achague kati ya uongo na aibu isiyo yake.

Anayetaka kusaidia apite jioni na unga kidogo, asalimie, aulize kama kuna maji nyumbani, kisha arudi kwake. Faini ya salongo inaweza kungoja.