Waacheni Manyani wa Adili Watufundishe Kiswahili

Kiswahili tumekwisha kuamriwa mara za kutosha hapa Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kuwa ndiyo lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizi mbili za mwisho naziunga mkono. Lakini amri humleta mwanafunzi darasani tu. Haimfanyi afungue kitabu usiku baada ya mtihani kwisha. Na katika mji ambao wazee wengi bado wakisikia Kiswahili hukumbuka askari na bunduki, tunahitaji kitu kitakachopendwa. Mimi nasema kitu hicho ni hadithi, na hadithi yenyewe tunayo: Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952.

Tazameni inavyomnasa msomaji. Gavana wa Janibu, mtu mwema anayesifiwa na raia wake, kila usiku huwachapa viboko manyani wawili. Kwa nini? Kijana yeyote wa miaka kumi na minne atauliza hivyo, na akishauliza, umempata. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu. Aliyemnusuru ni jini Huria, ambaye Adili alikuwa amemwokoa zamani alipokuwa katika umbo la nyoka. Huria ndiye aliyewageuza ndugu wale manyani, na ndiye aliyemwamuru Adili awachape. Adili anawahurumia, na bado anawachapa. Mtu mwema anayetumwa kutoa adhabu asiyoitaka, kwa watu anaowapenda: nionyesheni riwaya ya vijana yenye fundo gumu kuliko hilo.

Sasa tazameni tunavyoifundisha. Mwanafunzi hajafika kwenye manyani, tayari ameandikiwa ubaoni: maudhui, dhamira, majazi. Anaambiwa Adili ni uadilifu, Hasidi ni uhasidi, Mwivu ni wivu, basi. Kisha anaambiwa kwamba hawa ni wahusika bapa, kwa kuwa majina yao yametangaza tabia zao mapema. Hoja hii nimeisikia kwa wahadhiri na kwa wanafunzi wenzangu, na naiona dhaifu.

Wenzangu hao hao wanaomcheka Hasidi kwa jina lake wanampenda sana Remus Lupin wa vitabu vya Harry Potter. Remus ni mmoja wa mapacha wa Roma walionyonyeshwa na mbwamwitu. Lupin linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwamwitu. Jina lake limemtangaza mara mbili kabla hatujajua kwamba anageuka mbwamwitu. Mbona huyo haitwi bapa? Na tukirudi nyumbani, Walumbe wa hadithi ya Kintu na Nambi jina lake linatokana na neno la Kiganda la kifo. Kila mtoto wa Buganda aliyesimuliwa hadithi hiyo anajua hivyo, na hakuna aliyeacha kumwogopa. Jina linatuambia mhusika ni nani. Halituambii atatenda nini wala itamgharimu kiasi gani.

Wengine husema majini ni mambo ya watoto, chuo kikuu kijadili uhalisia. Hao waisome tena Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, au Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ya mwaka 2002. Waandishi hao walipotaka kuzungumzia mambo mazito kabisa, waliuacha uhalisia makusudi. Wengine tena husema kisa hiki si chake, amekitoa katika Alfu Lela U Lela. Ni kweli, mzizi uko huko. Lakini huko ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, wanyama wenye mikono na nyuso zinazofanana na zetu. Kumchapa mnyama wa namna hiyo ni jambo jingine kabisa, na mwandishi alijua alichokuwa akifanya.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu, na sisi tutakaokwenda kufundisha katika shule za Kampala na kwingineko, tufanye mambo mawili. Kwanza, kitabu hiki kisomwe kwa sauti darasani tangu mwanzo hadi mwisho kabla neno maudhui halijatajwa. Mwanafunzi agombane na Adili kwanza: je, angeweza kumkatalia Huria? Uchambuzi utafuata, na utakuwa na kitu cha kuchambua. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kuandika hadithi yake ya ajabu kwa Kiswahili, hata kama ngeli zitamponyoka, na ipewe alama kama tunavyotoa alama kwa insha ya faida za kilimo. Amwandike Walumbe akijificha chini ya Kampala, akitaka. Sarufi tutaisahihisha kesho. Hamu ya kuandika ikishakufa, hatutakuwa na cha kusahihisha.