Kikosi changu cha Afrika: Mutombo anaanzia benchi

Wadau, hosteli yetu haina amani wiki nzima na chanzo ni mimi. Ubishi ni huu: panga kikosi cha kikapu cha wakati wote, kila mchezaji awe amezaliwa Afrika, halafu ukipeleke kwa ile timu ya Marekani ya Barcelona 1992, iliyoitandika Angola 116 kwa 48. Mimi nimemweka Mutombo benchi. Watu hawanisalimii.

Hebu nisikilizeni kwanza. Hakeem Olajuwon wa Lagos alizuia mitupo 3,830 NBA, hakuna aliyemfikia. Wa pili ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, 3,289 (apumzike kwa amani, alitutoka 2024). Ongeza Embiid wa Yaoundé, MVP wa 2023. Mwenzangu wa chumba anataka waanze wote watatu. Sawa, lakini mpira anauvusha nani? Jordan na Pippen watakuwa wanaupora tu kama vibaka wa stendi.

Kwangu namba moja ni Steve Nash, MVP 2005 na 2006. Najua, mtasema Mkanada. Kazaliwa Johannesburg, sheria ni sheria. Magic anamzidi nusu futi, kwa hiyo Magic nampa Luol Deng, Jordan anakabwa na Mbah a Moute, Barkley na Siakam. Nash anabaki na Pippen na hapo tutaumia sana, sikatai. Ila katikati tunakula. Hakeem alimshinda Ewing kwenye fainali za 1994, mwaka uliofuata akamtoa David Robinson aliyekuwa MVP wa msimu huohuo.

Sasa angalieni hicho kikosi. Deng na Mbah a Moute si walinzi wa nyuma, nimelazimisha. Yaani bara zima, mchezeshaji wetu mmoja wa maana kajifunzia mpira Kanada! Hata Sudan Kusini walipoikosakosa Marekani kule London 2024, 101 kwa 100, aliyewaendesha alikuwa Carlik Jones, mzaliwa wa Marekani.

Na sababu naijua, maana nimeiona kwenye mazoezi ya kufundisha. Kuna dogo wa kidato cha pili, mrefu kuliko mimi, akigusa mpira tu anapigiwa kelele, "Toa! Toa! Kaa chini ya goli!" Hajaruhusiwa kudunda hata mara mbili. Wafupi nao wanaambiwa kikapu si chao. Hapo mchezeshaji atatoka wapi? Hakeem mwenyewe alianza na mpira wa mikono na ugolikipa wa soka, miguu ile hakuipata kwa kusimamishwa chini ya goli.

Mnauliza Hasheem Thabeet? Yumo, mtu wa 12. Mnamcheka eti 2009 alichaguliwa wa pili, Harden wa tatu, Curry wa saba. Mimi simcheki. Katoka Dar akawa Mtanzania wa kwanza NBA, nyie mmefika wapi na bumu lenu?

Utabiri: Marekani inatufunga kwa pointi 15, si 68. Minara mitatu ya mwenzangu naipa kichapo cha 40, na bado namsubiri aniambie nani anavusha mpira.