Masasi ya kujitengenezea: tuseme wazi

Sisi vijana wa Kasongo na Kabambare tunajua juu ya nini watu wanajaza tena baruti katika maganda ya kalibri 12. Usiku ukiita, hakuna anayekuja. Tunaelewa. Lakini sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inauliza ruhusa iko wapi: ya bunduki, na ya masasi pia. Juji anaweza kukubali kama ulijilinda kweli, halafu akufunge kwa lile ganda.

Tunadai polisi Salamabila na kwenye barabara zetu, mbele ya kukamata wawindaji. Na wewe ndugu, wakikuita parke, usitie sahihi kwenye PV bila avoka: Katiba, artikle 19.