TUONYESHENI MIZANI!



Katika gazeti hili tumezoea kuandika habari za mishahara, za nyumba za wafanya kazi na za saa za ziada. Leo twaandika habari ya intaneti ya nyumbani, na asitokee mtu kusema hayo si mambo ya chama. Shilingi inayotolewa mfukoni mwa mfanya kazi bila haki ni shilingi ya mshahara wake, iwe imetolewa na tajiri aliyemwandika kazi au na kampuni iliyomwuzia kitu. Tukipigania nyongeza mezani mwaka mzima, halafu nyongeza ile ikaliwa na bili isiyo na maelezo, tumepigania nini?

Wengi wetu tunaofanya kazi ya reli tuna nyumba zetu mbali na reli. Gusii haijapata kuona gari moshi. Njia ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na mpaka leo mtu wa Mosocho akitaka treni sharti apande matatu kwanza. Lakini intaneti imetupita mbio, imefika kwetu. Mama hutumia kisanduku cha intaneti kuzungumza na mumewe aliye kazini, watoto hukitumia kwa masomo, na hata kodi ya KRA na vyeti vya serikali siku hizi hushughulikiwa kwa intaneti. Kwa hiyo si anasa. Atakayetuambia tuzime tu kisanduku kama hatutaki bili, na atuambie pia tuzime taa na tufunge mfereji wa maji.

Sasa habari yenyewe. Mwenzetu mmoja, mtu wa gengi la kutengeneza njia, ana nyumba Mosocho. Mke wake ana kibanda sokoni: huchapa barua, hutoa nakala, huwajazia majirani fomu za serikali. Walifanya mapatano na kampuni kulipa mwisho wa mwezi shilingi 3,000 kwa GB 60, na zikipita hizo, kila GB moja shilingi 300. Miezi mitano mambo yalikwenda sawa. Mwezi wa sita bili ikaja shilingi 11,400. Yaani GB 28 za ziada, shilingi 8,400. Jina la kampuni tunaliacha kwa sasa, maana shauri bado liko mbele yake na twaipa nafasi ya kujibu.

Mama yule si mjinga. Alipiga simu akauliza: zimetumika lini? Akajibiwa: usiku mmoja, tangu saa nne mpaka saa kumi alfajiri. Akauliza: na nani, kwa chombo gani? Akajibiwa: mfumo unaonyesha zimetumika. Akasema usiku ule kibanda kilikuwa kimefungwa. Akajibiwa tena: mfumo unaonyesha.

Ndugu, maneno hayo mawili mmeyasikia. Ukiuliza habari ya umeme, mfumo unaonyesha. Ukiuliza habari ya mkopo wa simu, mfumo unaonyesha. Huyo Bwana Mfumo hatujapata kumwona, hapokei simu, haji Mosocho, wala hana mtoto wa kulipiwa karo. Lakini neno lake ndilo la mwisho katika kila shauri!

Basi na sisi tukakaa chini na kalamu. Mkataba wa mwenzetu wasema mwendo wa intaneti yake ni megabiti 5 kwa sekunde, hauzidi hapo. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo megabiti 5 ni kama MB 0.625 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, wapata MB 2,250. Zidisha kwa saa sita, toka saa nne mpaka saa kumi, wapata MB 13,500, yaani GB 13 na nusu. Hiyo ni kama bomba lingefunguliwa lote usiku kucha bila kufungwa hata kidogo. Kampuni yadai GB 28! Mtu wa reli aelewa jambo hili upesi: behewa la kuchukua tani 30 haliwezi kushusha tani 60 stesheni, hata karani akiandika kwa wino mwekundu. Ama mwendo ulioandikwa katika mkataba si kweli, ama hesabu ya usiku ule si kweli. Kampuni ichague yenyewe.

Tuliwapelekea hesabu hiyo kwa maandishi. Jibu lilikuwa namba ndefu ya shauri na maneno ya kwamba jambo letu “linashughulikiwa”. Siku ya kumi na nne, wakati jambo letu lingali likishughulikiwa, wakafunga laini. Mama yule sasa huwarudisha wateja wake mjini Kisii, na bili ingali inamngoja. Hiyo ndiyo inayotuuma zaidi ya zile shilingi 8,400. Mwenye deni na mwenye kudai wana shauri. Mmoja wao ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyesoma mizani, ndiye aliyekata hukumu, na ndiye aliyekuja kufunga mlango. Hata baraza la mzee wa mtaa haliendeshwi namna hiyo.

Wazee wetu waliotoka Gusii kwenda kazi katika mashamba ya wazungu walifanya kazi ya tikiti ya siku 30. Siku ikiisha, tikiti ilitiwa alama. Nani aliyetia alama? Si aliyelima, bali upande wa tajiri. Akisema kazi ya leo haikutosha, siku ile ilipotea, na mtu alifanya kazi siku 40 akahesabiwa 30. Mzee hakuwa na daftari lake mwenyewe la kuonyesha. Twaona jambo lile lile limerudi kwa nguo mpya: zamani siku zetu zilihesabiwa pungufu, leo GB zetu zahesabiwa zaidi.

Nendeni soko la Daraja Mbili mkatazame mama akipima mahindi kwa gorogoro. Twajua wako wanaobonyeza kitako cha mkebe kwa ndani, ujanja wa siku nyingi. Lakini mnunuzi yupo pale, anauona mkebe, aweza kuingiza mkono akapapasa kitako, na akikasirika aweza kumwendea jirani. Mkulima wa chai husimama kituoni akitazama mizani wakati majani yake yananing’inia. Nchi hii ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na chini yake mizani ya duka na pampu ya petroli hukaguliwa na kutiwa muhuri. Sasa twauliza: muhuri wa mizani ya GB uko wapi? Nani aliikagua, na lini? Sisi hatujaonyeshwa muhuri wo wote. Tumeonyeshwa bili tu.

Wako watakaosema kampuni haiibi, ni watoto wanaotazama video. Hatukatai kwamba mambo hayo yapo. Netflix wenyewe wameandika kwamba picha zao za kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na zile za HD hadi GB 3 kwa saa. Simu nazo hujisasisha zenyewe usiku, na jirani akilipata neno la siri hatalitumia kwa kusali tu. Kwa hiyo hatusemi kila bili ni ya uongo. Twasema mwenye kuuza na athibitishe. Behewa likifika pungufu, karani wa reli hawezi kumwambia mwenye mali “mfumo unaonyesha”. Hutoa hati ya mzigo, huonyesha namba ya lakiri, na stesheni ilipofunguliwa. Kampuni inayoweza kutuletea bili ya shilingi na senti yaweza pia kutuletea karatasi ya kila siku: tarehe, saa, kiasi kilichopita. Ikiwa hesabu hiyo inayo na inatuficha, ni dhuluma. Ikiwa haina, basi ile bili waliiandika kutoka wapi?

Tena sheria iko upande wetu, ijapokuwa wengi hatuijui. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika, ya kulindwa mali yake, na ya kulipwa akipata hasara kwa kitu kibovu. Kanuni za kuwalinda wateja wa mawasiliano za mwaka huo huo wa 2010 zasema mteja ana haki ya bili iliyo sahihi na inayoeleweka, na ya kusikilizwa upesi na kwa haki panapotokea ubishi. Angalieni neno “inayoeleweka”. Bili ya mwenzetu ina mstari mmoja: matumizi ya ziada, 8,400. Anayeielewa na ajitokeze. Na juu ya hizo GB 28 kodi imo pia, VAT ya 16 kwa mia pamoja na ushuru wa intaneti, ambao Bunge liliupandisha hadi 20 kwa mia mwaka 2021 na kuushusha hadi 15 mwaka 2023. Yaani twatozwa kodi hata kwa kitu ambacho hatukubali kwamba tulikipokea.

Msituambie haiwezekani kubadili mambo haya. Mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho alikwenda mbele ya baraza la rufani za mawasiliano kuzishitaki kampuni tatu kubwa za simu juu ya bando zinazokufa kabla hazijatumika. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, shauri halijamalizika, Safaricom ikatoa bando zisizo na mwisho wa tarehe. Mtu mmoja alisimama na karatasi zake! Huko Afrika Kusini, mamlaka yao ya mawasiliano, ICASA, ilitoa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019: kampuni sharti imwarifu mteja akifika nusu ya bando lake, akifika 80 kwa mia, na likiisha, na haina ruhusa ya kumtoza bei ya nje ya bando mpaka mwenyewe akubali. Na ndugu zetu wa Tanzania, mwezi wa Aprili 2021, waliamka wakakuta bei mpya za vifurushi. Wakapiga kelele mpaka zikasimamishwa. Mitambo yao haikutoka mbinguni. Kinachowezekana Pretoria chawezekana Mosocho.

Madai yetu basi si makubwa. Bando likiisha, laini isimame hapo mpaka mteja aseme endelea. Isiendelee kukata usiku mwenyewe akiwa amelala. Kila mteja apewe hesabu ya siku kwa siku bila kuomba mara saba. Na penye ubishi, alipe sehemu isiyobishaniwa, yaani zile 3,000, na laini ibaki wazi mpaka shauri likatwe. Hilo la tatu hatutalipunguza hata kidogo, maana kufunga laini ndiyo fimbo wanayotupigia tukubali kulipa.

Twataka kusema neno na sisi kwa sisi pia. Wako wanachama waliopata bili za namna hii wakalipa kimya, wakisema afadhali amani. Amani yao ndiyo iliyoifundisha kampuni kwamba Mosocho hawaulizi. Na wako wengine, kelele tupu, wanaomtukana binti anayepokea simu. Acheni! Binti yule ni mfanya kazi kama sisi, mshahara wake si mkubwa, naye husoma maneno aliyoandikiwa kwenye kioo. Ukimtukana, tajiri wake hasikii lo lote. Mwombe namba ya shauri, mwombe jina la ofisi ya kupeleka barua, mwage vizuri.

Barua ndiyo silaha. Kanuni zataka kampuni ilalamikiwe kwanza, ndipo malalamiko yaende Mamlaka ya Mawasiliano. Ya mwenzetu imekwisha andikwa mara mbili, nakala tunazo. Barua ya tatu itakuwa ya chama, yenye majina ya wote wenye shauri la namna moja, na isipojibiwa itapanda Nairobi. Hapo pakishindikana iko Mahakama ya Madai Madogo iliyowekwa kwa sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Sheria yataka hukumu ndani ya siku 60.

Lakini barua bila hesabu ni hewa. Kwa hiyo kila mwenye kisanduku nyumbani anunue daftari. Kila jioni aandike tarehe, GB zilizobaki kwa hesabu ya kampuni, na GB zilizopita kwa hesabu ya kisanduku chenyewe, ambayo hupatikana katika ukurasa wa kisanduku kwa simu iliyounganishwa nacho. Vingine husahau hesabu umeme ukikatika, na kwetu umeme hukatika. Basi andikeni pia saa uliyokatika na saa uliyorudi. Badilini neno la siri leo, msilibandike ukutani. Bili za zamani msizitupe.

Daftari na bili zipelekwe kwa katibu wa tawi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Asiyejua kuisoma hesabu ya kisanduku chake aje siku hiyo saa nane mchana pamoja na simu yake, ataonyeshwa. Walio zamu wawatume wake zao, maana ndio wanaokaa na kisanduku.