Watoto watacheza wapi viwanja vikinyakuliwa?

ZAMANI, mtoto alipotoka shuleni alikimbilia uwanjani kucheza kati, brikicho au mpira wa makaratasi. Huko alijenga mwili na kujifunza kushindwa bila kinyongo. Siku hizi wazazi hulaumiwa kwa kuwaachia watoto runinga na simu. Lakini je, watoke waende wapi?

Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi na polisi walipotetea uwanja wao ulionyakuliwa. Kenya iliidhinisha mwaka 1990 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao katika kifungu cha 31 unatambua haki ya kucheza. Haki hiyo bila uwanja ni maneno matupu. Serikali na izipe shule zote za umma hatimiliki kabla ya mabwanyenye kuwahi.